Pointi ya Kumi na Mbili

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, halafu mnipe nafasi niseme. Jambo hili nimewasimulia watu watatu tu, na wawili walinicheka machoni. Wa tatu alikuwa padri. Yeye hakucheka, lakini aliangalia saa. Mimi si mlevi, pombe niliiacha mwaka waliozaliwa mapacha wangu. Kwa mganga sijawahi kwenda kuombea dhahabu, ingawa huku kwetu asiyekwenda ndiye anayeonekana mwendawazimu. Nina karasha mbili za kusagia mawe hapa Runzewe, nina mke, nina kisukari kidogo, na akili yangu iko mahali pake. Ninayowaambia yalinipata mchana kweupe, siku ya Jumapili, na shahidi ninaye. Ila huyo shahidi hatawaambia kitu. Mkimuuliza atawakaribisha chai.

Tuanze na boti, maana bila boti nisingehitaji GPS, na bila GPS nisingekuwa hapa najieleza mbele yenu. Mimi ni Msukuma wa Kahama, mtu wa nchi kavu. Nimekulia kwenye ng'ombe na mpunga, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo. Boti niliinunua kwa ushamba wa kupata, sikatai. Jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, upande wa Chato, alikuwa anahama. Akaniuzia kiboti chake cheupe cha fiba, viti vinne, turubai la kujikinga jua na injini moja nyuma. Cha starehe tu. Hakivui samaki wala hakibebi mzigo.

Mke wangu, Mama Kulwa, aliposikia aliweka ungo chini akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndala.

"Ngosha wangu, wewe hata kuogelea hujui."

Yeye ni Mzinza, kazaliwa kisiwani, baba yake alikuwa mvuvi. Kwake ziwa ni mahali pa kazi na pa misiba. Hakuwa na hamu ya kwenda kuchezea huko. Nikambembeleza wiki nzima. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja: ninunue kile kifaa cha kuonyesha njia, tena kizuri, siyo kutegemea simu. Akasema ukungu ukishuka kule hata baba yake alikuwa anatia nanga anangoja, sembuse mimi. Nikaapa. Na niliapa kwa moyo, jamani. Mama yule amenifulia maovaroli, amewapikia wafanyakazi wa karasha, amelala na mimi kwenye hema la nailoni enzi za rashi ya dhahabu, mvua inatunyeshea na watoto wawili kifuani. Alistahili Jumapili moja ya kukaa bila kufanya chochote.

Basi nikaenda Kahama, kwenye duka la Bwana Swalehe, anayeuza vifaa vya wachimbaji. Pampu, kamba, helmeti, mashine za kunusia dhahabu, na hizo GPS. Ni mtu mpole, mstaarabu, anaongea taratibu. Akaniuliza boti yangu ina betri. Nikamwambia inayo. Akaniwekea mezani skrini pana kama sahani ya kulia wali.

"Hii unaifunga mbele ya usukani," akasema. "Ramani ya ziwa lote imo, miamba, vina vya maji, visiwa. Jua likiwaka unaisoma bila kuikinga na kiganja."

Kisha akatoa ya pili, ndogo, ya mkononi. Haiingii maji, ikidondoka inaelea, inatumia betri mbili za tochi. Akasema mwenye akili ananunua zote mbili: kubwa ya kuendeshea, ndogo ya siku ile kubwa itakapozima. "Na simu iache mfukoni, bwana mkubwa. Simu ni ya kupigia picha samaki."

Nilimwelewa vizuri sana. Bei haikunitisha. Kidole changu kilikuwa kimeshanyooka kwenye ile kubwa, niaminini. Ndipo nikaona ndani ya kabati la vioo kifaa cha njano, cha zamani, kimechubuka pembe zote, mkanda wake umeungwa kwa waya. Nikauliza kile ni nini.

"Ah, hicho mtumba. Kilikuwa cha mpimaji mmoja, wa hawa wanaowapimia watu maeneo ya leseni. Aliyekileta alisema mwenyewe hayupo tena."

"Hayupo, amekufa?"

"Alisema hayupo. Sikumchimba."

Akakiwasha. Akanionyesha kwamba ni cha nchi kavu, ziwa humo ndani ni doa tupu, halina mwamba wala kisiwa. Kisha akashtuka kidogo. "Hata pointi za mwenyewe sijazifuta. Ngoja nifute. Sisi hapa kifaa hakitoki na alama za mtu, ndiyo desturi yetu."

Nikamdaka mkono.

Kwa asiyejua, pointi ni mahali ambapo mtu alisimama akabonyeza kitufe, na kifaa kikapakumbuka. Siku nyingine ukitaka kupafuata, unachagua namba yake na mshale unakupeleka. Sasa fikirini. Mpimaji aliyezunguka mapori yote haya, toka Ushirombo mpaka ziwani, anaweka alama wapi? Mtu wa Dodoma angeona takataka za mwenye kifaa. Mimi niliona dhahabu. Huku kwetu tumekuwa hivyo, tukiona shimo la panya tunainama kuchungulia kama kuna mwamba.

"Usifute," nikasema. "Nakichukua kilivyo."

Bwana Swalehe akautoa mkono wake taratibu. "Si ulisema unapanda na mama?"

"Nimesema nakichukua."

Nikatoka na kile tu. Ile kubwa nikaiacha, na ile ndogo nikaiacha. Nyumbani nikamwambia Mama Kulwa kwamba ndicho bora kuliko vyote, mwenye duka mwenyewe amenichagulia. Akakigeuza geuza, akauliza mbona kimechubuka. Nikamwambia ndiyo uimara wenyewe huo. Akaniamini. Hilo neno linaniuma mpaka leo, kwamba aliniamini.

Pointi zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja nilizifuata kwa pikipiki, kidogo kidogo, nikisingizia kwenda kutafuta vipuri. Kila nilipofika nilikuta watu washafika zamani, maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yamechimbwa na mengine yanatoa vizuri. Kwa hiyo mpimaji yule alijua kazi yake. Lakini ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya ziwa. Majini kabisa, mbali na ufuko. Kwa nini mpimaji wa machimbo asimame katikati ya maji abonyeze kitufe? Niambieni nyie. Mimi jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, na sikulala siku mbili.

Jumapili hiyo tukaondoka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, saa sita mchana. Jina la mwalo nalihifadhi. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, hewa ni safi. Mama Kulwa alivaa kitenge kipya, amebeba hotipoti ya wali na sato na chupa ya chai. Kabla ya kuondoka nikabonyeza kitufe, nikaipa pointi jina MWALO, ili mshale uturudishe. Nikamwonyesha, akafurahi. Tulipofika mbali kidogo akavua viatu, akaning'iniza mkono nje maji yakawa yanamchapa vidole. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile, bila mtu kuanguka.

Ningeishia hapo ningekuwa mume mzuri.

Nikachagua kumi na mbili. Mshale ukageuka. Mama Kulwa akahisi boti imepinda, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunatembea tu. Baada ya muda akanyoosha shingo kutazama mbele, kicheko kikaisha.

"Turudi, Baba Kulwa. Ukungu ule unashuka."

"Dakika kumi."

"Na yale ni magugu. Hayo yakikuzunguka hutoki."

"Dakika kumi tu, mama!"

Magugu maji mnayajua. Yanaelea kama shamba la mboga lililong'oka, upepo unayasukuma, leo yako hapa kesho kule. Nikapita kwenye uwazi uliokuwepo katikati. Kwenye kifaa mita zikashuka, mia mbili, hamsini, tisa. Sifuri. Injini ikakoroma ikazima. Nilipogeuka nyuma, ule uwazi tuliopitia haukuwepo. Kijani kila upande, na juu ya kijani ukungu mweupe, na sauti hakuna, hata ya ndege.

Mama Kulwa hakupiga kelele. Alichukua kisu cha samaki, akainama nyuma akaikata mizizi iliyosokota propela. Injini ikawaka. Nikachagua MWALO, nikaufuata mshale pole pole, yeye mbele anasukuma magugu kwa kasia. Tukaenda robo saa. Tukafika kwenye dumu la bluu lililonasa kwenye magugu, la kushikilia nyavu, limepasuka kwenye kona. Tukalipita. Robo saa nyingine, dumu la bluu, limepasuka kwenye kona. Nikasema yako mengi. Mama Kulwa akachana pindo la kitenge chake kipya akalifunga dumu lile shingoni. Tukaenda tena. Mnajua tulichokikuta. Na kifaa kila tukifika hapo kinaandika sifuri, kana kwamba hatujasogea hata unyayo.

Nikafungua orodha ya pointi. MWALO haimo. Moja mpaka kumi na moja hazimo. Imebaki kumi na mbili peke yake. Simu haina mtandao hata kidogo.

Mimi nikiogopa huwa nafoka. Nikamfokea mke wangu kwamba amekaa vibaya, boti inaegemea, ndiyo maana tunazunguka. Akaningoja nimalize. Kisha akaomba kifaa, akakitazama, akauliza hiyo kumi na mbili ni alama ya nani. Na mimi, kwa kijasho kilichokuwa kinanitoka, nikamwambia yote. Duka, mpimaji, mkono wa Bwana Swalehe.

"Kwa hiyo kubwa yenye ramani walikuwa nayo," akasema.

"Walikuwa nayo."

Akanirudishia kifaa. Akawa anafunga mfuniko wa hotipoti ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Ndipo tukasikia: "Mwangaluka!"

Hiyo ni salamu yetu Wasukuma, ya asubuhi. Na saa hizo ilikuwa saa tisa alasiri. Aliyesalimia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, juu ya magugu, hatua kama kumi kutoka kwetu. Mtu wa makamo, ovaroli, buti za mpira, taa ya kichwani inawaka mchana ule. Magugu hayo hayabebi hata kuku, lakini yeye alikuwa ameketi juu yake ametulia. Sikuitikia. Mama Kulwa akaitikia, "Mwangaluka," kwa sauti ya kawaida kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye anamwona.

Yule mtu hakutembea. Pale alipoketi ndipo palipotusogelea, taratibu, mpaka magugu yake yakagusa boti. Nikaona miguu yake. Mizizi ya magugu ilikuwa imeingia kwenye kitambaa cha ovaroli na kutokea upande wa pili, imekua, ina maua. Kucha zake zilikuwa zimejikunja.

Akanitazama mkononi. "Bosi, umechelewa. Lakini umekuja nacho."

Nikakibana kifaa.

"Hicho ni changu," akasema, bila ugomvi. "Mimi ndiye niliyepima hapa. Bosi aliota kuna mwamba chini ya maji. Tulipofika akaniambia kaa hapa kwenye mtumbwi, mimi nafuata mzamiaji kwa mtumbwi wa pili. Akachukua kifaa ili apate njia ya kurudi. Nimekaa." Halafu akauliza kama anavyouliza mtu yeyote aliyechoka, "Nani anaingia shifti?"

Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo wengi hawanielewi. Kwetu ukipata mwamba huuachi wazi. Ukienda kutafuta vifaa unamkalisha mtu pale, na huyo haondoki, kwa njaa wala kwa mvua, mpaka aje mwenzake wa kumpokea. Ukiuacha hata saa moja, ukirudi unakuta jembe la mtu mwingine. Mimi mwenyewe nimekalishwa hivyo nikiwa kijana, siku tatu, nakojoa nikiwa nimekaa. Kwa hiyo swali lake nililielewa vizuri kuliko nilivyopenda.

"Anabaki mmoja," akasema. "Mimi natoka. Boti inaondoka na wawili. Anayebaki ndiye anayeshika kifaa."

Sasa nisikilizeni, maana hili hata padri sikumwambia lote. Kifaa kilikuwa katika mkono wangu wa kulia. Mama Kulwa alikuwa kulia kwangu. Sikufikiri. Naapa sikufikiri, hakuna neno lililopita kichwani. Nilichoona ni mkono wangu umenyooka, kiganja kimefunguka, namkabidhi mke wangu kile kifaa.

Naye akakitazama. Kisha akanitazama mimi. Sidhani ilifika sekunde tano. Nimewahi kufukiwa na kifusi duarani nikakaa gizani nusu siku, udongo mpaka kidevuni, nikidhani ndiyo mwisho. Ningekubali nirudishwe kule, nisitazamwe vile.

Akakipokea.

Yule mtu akaanza kusimama, mizizi ikikatika tip, tip, tip. Mama Kulwa akamwambia, "Kaa kwanza, mwanangu. Unaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Hakutoa jina. Akafungua tena, akatikisa kichwa.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

"Ya leo," akasema, lakini akawa anaziangalia kucha zake, na sauti ikaanza kumtoka vibaya, kama mtu anayetaka kulia na hataki kuonekana. "Mama, nimechoka. Mimi nataka tu kutoka."

Mke wangu akafanya kitu ambacho hufanya kila siku nyumbani. Pale kwenye karasha zetu, jioni, yeye ndiye anayefunga kazi. Anagonga rimu ya gari kwa spana mara tatu, mashine zinazimwa, watu wanavua glavu. Hakuna anayebisha, hata mimi. Basi akageuza kisu, akagonga ubavu wa boti kwa mpini. Mara tatu.

"Kazi imefungwa," akasema. "Mimi ndiye mama mwenye duara. Hakuna anayeingia shifti. Hakuna mwamba hapa. Panda juu, mwanangu, nenda nyumbani."

Yule mtu akamkodolea macho. "Kweli, mama?"

"Kweli."

"Na pointi?"

"Nifundishe kuifuta. Mimi hivi vitu sivijui."

Na amini usiamini, akamfundisha. Akainama juu ya ukingo wa boti, maji yakimdondoka puani, akawa anamwelekeza kwa kidole bila kukigusa kifaa. Bonyeza hapo. Shuka chini. Tena. Mama Kulwa hakuwa na miwani, akawa anakisogeza mbali na kukirudisha karibu, na yule anamngoja kwa subira kama mtoto anayemsaidia mama yake kutuma pesa kwa simu. "Sasa kinakuuliza, ndiyo au hapana," akasema. "Bonyeza ndiyo, mama."

Akabonyeza ndiyo.

Yule mtu akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya kwanza kumwona akivuta au kutoa. Akazima taa ya kichwani. Akavua buti zake moja moja, akaziweka sawa juu ya magugu, kama unavyoziacha mlangoni ukiingia ndani. "Asante, mama," akasema, na mimi hakunitazama kabisa. Akajilaza ubavu, kama mtu aliyerudi nyumbani, na magugu yakafunga juu yake. Hakukuwa na povu.

Upepo ukaja hapo hapo. Magugu yakaanza kuachana. Mama Kulwa akakiweka kile kifaa juu ya magugu, kando ya zile buti, akaja nyuma akaniambia, "Pisha." Nikapisha. Aliiwasha injini na kuiendesha mwenyewe, bila mshale wala ramani, amegeuza shavu kwenye upepo. Nilikaa mbele nikiwa nimempa mgongo, maana sikuthubutu kugeuka.

Mwaloni wavuvi wakatucheka. Wakauliza tulikuwa tunakula nini muda wote ule. Wakasema boti yetu ilikuwa pale pale mbele yao tangu saa nane, hata mwito ungesikika, imesimama kwenye maji meupe. Nikawauliza juu ya ukungu na magugu. Wakatazamana. "Ukungu gani, mzee?"

Hayo ndiyo yaliyonipata. Boti niliiuza wiki hiyo hiyo kwa aliyeitaka kwanza. Ziwa silisogelei, hata samaki nanunua wakavu. Mnanionaje, mzima? Nala, nalala, karasha zinasaga. Mama Kulwa naye ni mzima. Anapika, anaamka kabla yangu, ananipa dawa zangu kwa wakati, ananiita Baba Kulwa kama kawaida. Hajawahi kunitupia neno la siku ile, hata tukigombana. Mara moja nilijikaza nikaanza, "Mama Kulwa, siku ile, mkono wangu..." Akasema chakula kinapoa. Nikala. Afadhali angenitukana. Afadhali angerudi kwao kisiwani nikajua moja. Tunaishi nyumba moja, kitanda kimoja, na siwezi kutoka wala siwezi kuingia.

Mwaka jana Kulwa wetu aliolewa. Jioni ya kuagana walikaa wote sebuleni, wakwe, majirani, Doto ndugu yake, na yule kijana aliyemchukua. Kijana ana adabu. Akapiga goti akasema, "Baba, tunaomba utuase. Mume akae vipi na mkewe?" Watu wote wananingoja mimi. Mama Kulwa alikuwa kwenye mkeka na akina mama. Akainua macho. Hakuwa na hasira, wala hakuwa ananikejeli, hapana. Alikuwa anangoja kama wengine, kwa kweli alitaka kusikia nitasema nini. Nikasema naona jenereta inaishiwa mafuta. Nikatoka nje, nikasimama karibu nayo mpaka wageni walipoondoka.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua kifaa cha kuendea majini, nunua kipya, chenye ramani ya maji, na ukinunua cha mtu basi afute muuzaji mbele ya macho yako, pointi zote, usiache hata moja, hata kama inang'aa vipi moyoni mwako. Na kama huwezi, maana najua sisi watu wa huku hatuwezi, basi nenda peke yako. Usimpandishe mtu anayekuamini. Kule ndani utaulizwa swali moja, na mkono wako utajibu kabla yako, na yeye atakuwa amekaa hapo pembeni anauona.